Mkunga wa Lagangabilili na jina asiloruhusiwa kulitaja

Ulipita hapo, msomaji, usikatae. Ulikuwa juu ya magunia ya pamba kwenye lori la kwenda Bariadi mjini, ukasikia mtoto analia nyumba ya pili kutoka barabarani, ukageuza uso na kuuliza bei ya kilo. Leo hugeuzi. Leo utatazama.

Saa moja asubuhi, kijiji kimoja jirani na Lagangabilili. Milembe, mkunga wa jadi anayejikadiria miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kigoda, amepakata kichanga kinacholia. Ameletewa na Specioza, jirani yake wa siku nyingi. Ni mjukuu wa Specioza.

"Mwangaluka, mayu. Huyu hajalala, na sisi hatujalala," anasema Specioza, akimwamkia kwa Kisukuma na kumwita mama.

Milembe anainamia sikio la mtoto na kuanza kuwataja marehemu wa ukoo wa Specioza, mmoja mmoja, taratibu.

"Mayala?" Mtoto analia. "Ng'washi?" Analia. "Bujiku?"

Mtoto anakata kilio kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

"Amefika," anasema Milembe.

"Bujiku!" Specioza anapiga makofi. "Yule mlevi? Basi maziwa ya mama yake yamekwisha!"

Wanacheka hadi machozi. Milembe anapewa kuku na mche wa sabuni. Ndiyo kazi yake: anazalisha, na mtoto akilia bila ugonjwa anamtafutia marehemu anayedai jina. Mwezi mzuri anaondoka na shilingi elfu mbili, mwezi mbaya anaondoka na asante.

Lakini kilio ulichokisikia barabarani si cha mjukuu wa Specioza. Kinatoka chumba cha ndani, kwa Milembe mwenyewe.

Ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Shija na mkewe Benedikta. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Padri alimbatiza Marcelo, akazidi kulia. Sasa hanyonyi vizuri, mbavu zinahesabika.

Milembe amemtajia majina yote anayoyajua. Yote, isipokuwa moja.

"Nikilifikia lile, nanyamaza," anasema. "Na yeye ananyamaza. Ananitazama mdomo."

Tumeliona hilo kwa macho yetu, sisi tunaoandika haya. Bibi anataja jina, jingine, jingine, mtoto anapiga kelele. Kisha bibi anafunga midomo. Kilio kinakatika. Mtoto wa miezi minne anakaza macho kwenye midomo ile, hapepesi, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Kuku waliokuwa wakidonoa chini ya kitanda wanatoka nje wakifuatana. Benedikta anatazama mlangoni. Hakuna mtu.

Milembe anavuta pumzi. Kilio kinarudi.

Jina lenyewe ni la baba mkwe wake. Milembe si Msukuma wa kuzaliwa. Ni Mtaturu, wa kabila la wafugaji, kutoka mbuga za mbele ya Mwanhuzi, akaolewa na Mtaturu mwenzake. Kwao mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Wake wa boma walikuwa na maneno yao ya pembeni, wakizunguka kila kilichokaribiana na majina ya wakwe. Wenzake wote wamekufa. Hadi leo kuna kitu kimoja humo ndani anachokionyesha kwa kidevu tu.

"Sikuambii ni kipi," anasema. "Ukikijua, utalikisia."

Mnakumbuka mwaka 1974, wa kuhamishiwa vijijini kwa nguvu? Mmesahau, sisi hatujasahau. Malori yalikuja, boma likachomwa, watu wakamwagwa kijijini. Mzee akafia huku, akazikwa, na majirani waliokuwa wakimwita kwa jina la Kisukuma, Masunga, wakalia Masunga. Mume wa Milembe naye akawaambia watoto kwamba babu yao ni Masunga, maana shuleni wenzao walikuwa wakiwaigiza kwa kejeli wanavyoongea. Mume amekufa. Ndugu walihamia mbali, hawajulikani walipo. Sasa soko limekuwa huria, wanunuzi binafsi wanagombania pamba, na kila kipande cha malisho kimelimwa. Kaburi la mzee lina miche ya pamba juu yake.

Ofisini mjini, ofisa mmoja anayeshughulikia utamaduni alituambia kwa tabasamu: "Huo ni usimilisho. Au mwaweza kusema utangamano. Wengine huita kuchanganyika." Tukamuuliza kama kumezwa nako ni neno lake. Akasema hilo ni kali mno.

Tulimpelekea Milembe maneno hayo yote. Alicheka kidogo.

"Kumezwa? Anayemezwa hupiga kelele. Mimi nilikuwa napika ugali. Watoto wakacheka kwa Kisukuma, nami nikacheka nao. Siku moja nikatafuta mtu wa kuongea naye, hayupo."

Shija, anayepima pamba kwa mnunuzi binafsi, amechoka. "Mama, litaje tu. Ni jina, siyo bomu."

"Ng'wanone, mwanangu, wewe hujui."

Benedikta hapandishi sauti mbele ya mkwewe. Anasema akitazama chini: "Mayu, nakuomba. Mtoto anaisha."

Tulimuuliza Milembe anaogopa nini.

"Mama mkwe aliniambia: ukilitaja, anakuja." Akamfunika mtoto kwa kanga. "Nimeogopa hilo tangu nilipoolewa. Sasa ndilo ninalolitaka. Aje, amchukue huyu awe wajina wake, anyonye."

Ameamua. Jumamosi hii saa tatu asubuhi atampeleka mtoto kwenye lile shamba la pamba lenye kaburi na kulitaja, mara moja tu. Zaidi ya hapo hathubutu. Lakini kwao jina likiitwa lazima watu waliitikie kwa kulirudia, vinginevyo linaondoka na aliyeitwa. Shija anasema Jumamosi ni siku ya soko. Benedikta atakuja, lakini naye ni mke wa ukoo huo huo. Hata yeye hawezi kulirudia.

Wanatakiwa watu wasiokatazwa. Mnatakiwa wewe na wenzako. Simama. Tafuta baiskeli, dandia lori, njoo kwa miguu, fika Jumamosi saa tatu, usimame kwenye pamba ile, na bibi akifungua mdomo, uliitikie kwa sauti.