Kwa Nini Tulipima Moshi

Alhamisi iliyopita tulimzika bwana afya mstaafu, yule aliyetuletea sheria ndogo ya kupima moshi wa malori. Habari za kifo chake zilinikuta nikiandika makala ya tatu ya kuipinga sheria hiyo, na wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba zile mbili za mwanzo hazikuwa na huruma. Niliweka kalamu chini. Sikujua kama nahuzunika au naona aibu, na hadi leo sijajua.

Asiyeijua milima hii atashangaa moshi umetokea wapi penye baridi na ukungu. Tatizo ni kwamba tambarare huku ni adimu: kipande kinachopatikana hupewa shule, na soko nalo hujibanza hapohapo. Dereva anayebeba kabichi za Mlola, stata yake ikiwa mbovu, huegesha gari likitazama mteremko ili aliwashe kwa kuliachia lishuke. Penye tambarare hawezi, kwa hiyo halizimi. Linanguruma tangu gunia la kwanza hadi la mwisho, na moshi unaingia darasani. Siku moja nilimkuta marehemu nyuma ya lori, ameshika kitambaa cheupe mbele ya bomba. Dereva akamlalamikia, "Shikamoo mzee. Sasa nikizima hapa, nani atanisukuma?" Naye akajibu, "Marahaba. Watakusukuma wenye kabichi, si mzigo wao?" Watu wakacheka. Kitambaa kilikuwa cheusi, gari likazuiwa, na mama mmoja akabaki na karoti zake juani mpaka zikanyauka. Niliandika kwa hasira kwamba tunaiga miji mikubwa. Mama yule namtetea hata sasa.

Lakini kwa nini madiwani walikubali? Matangani nilimuuliza mmoja wao. "Mghosi, mimi nilifikiria wageni wanaokuja kutembea," akasema, akiniita bwana kwa kilugha chetu. "Moshi unawafukuza." Mwenzake akadakia kwamba yeye alichotaka ni magari mabovu yasizibe kona za kuteremkia Magoma. Wa tatu alidhani ni agizo kutoka juu. Hakuna aliyetaja kifua cha mtoto. Nikazidi kuchanganyikiwa: sheria ni moja, na kila mkono ulionyooshwa ulikuwa na sababu yake. Pengine ndivyo sheria zote zinavyopita, sisi tukihangaika kutafuta sababu moja. Hewa yenyewe imesafika au haikusafika, sijui, na sikumpata wa kuniambia.

Nikamwendea binti yake, mwalimu wa shule ileile. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikampa pole, kisha nikamuuliza nini hasa kilimsukuma baba yake.

"Makala zako alikuwa ananisomea kwa sauti," akasema. "Akimaliza anasema, huyu nyumba yake ya tatu kutoka hapa, kesho atakuja kuniuliza. Ananiambia nisiingize ndani kiti cha pili cha barazani, ni chako."

Sikwenda. Watoto tunawafundisha kwamba kuuliza si ujinga, nami nilikuwa na majibu yangu tayari, yamenyooka, yamechapwa. Ndugu msomaji, ukiwa na neno na mtu, mwendee angali hai, hata kama una hakika amekosea. Leo naitaka sababu yake kuliko sababu za madiwani wote, na mwenye nayo nimeshiriki kumfukia kwa mikono yangu.