Okochi na Gari Lililogoma Njia ya Masaba

Okochi ni fundi wa umeme wa magari pale Busia, na ana tabia ya kuudhi. Ukifika kwake hakusalimii wewe kwanza. Anaweka mgongo wa kiganja kwenye boneti, kama mama anayempima mtoto homa, ndipo anauliza habari za nyumbani. Mfuko wake wa spana, ulioshonwa kwa gunia la unga, huenda nao kila mahali, hata kanisani. Mimi Matayo, dereva wa pikapu, nimemcheka miaka kumi kwa mfuko huo.

Mwaka jana aliniambia, "Matayo, rejeta yako imezeeka. Feni inangoja joto lifike digrii tisini na tano ndipo inazunguka. Kwenye lami sawa, upepo unasaidia. Ukienda polepole utachemsha. Acha niweke swichi nyingine, feni iamke kwenye themanini na tano."

Nikamjibu kwa kiburi changu, "Gari lilitoka kiwandani hivi. Wewe unajua kuliko waliolitengeneza?"

Akacheka tu. "Waliolitengeneza hawajawahi kubeba maiti kwenda Masaba. Haya, swichi nakuwekea hapa mfukoni. Siku ukiitaka, sema."

Maana kwetu gari la jeneza likiacha lami linakwenda mwendo wa miguu. Waombolezaji wanatangulia wakiimba, dereva anawafuata kwa gia ya kwanza, kilomita tatu, nne, mpaka bomani, nyumbani kwa marehemu.

Ndivyo tulivyokuwa tunamrudisha Mzee Ekaju kutoka hospitali ya Tororo, jua la mchana likiwaka. Mkewe Ariokot, mama yake Acom, alikaa nyuma kando ya jeneza. Okochi naye alipanda, maana marehemu alikuwa rafiki yake. Tukaacha lami, nyimbo zikaanza, na kabla ya nusu ya njia mshale wa joto ukapanda wote. Mvuke ukafuka kwenye boneti, gari likazima.

Nyimbo zikakatika. Opio, mdogo wake marehemu, akalizunguka gari mara moja, kisha akamgeukia Ariokot.

"Kaka amekataa kwenda nyumbani," akasema. "Mama Acom, ulimfanyia nini huko hospitali? Shuka upige magoti, useme mbele ya watu."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Kwetu gari la maiti likisimama, wanasema marehemu ana neno, na wa kwanza kutazamwa ni mjane. Akikiri, hata uongo, jina lake limekwisha na boma lile si lake tena. Akikataa, jeneza linabaki njiani. Ariokot alikuwa amemuuguza mume wake miezi saba, akimgeuza kitandani kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa palepale, macho makavu, ameshika ukingo wa jeneza.

Na mimi nilijua. Nilijua kabisa kwamba ni feni, na nilijua ni nani aliyekataa swichi. Lakini niliwaogopa watu wale, nikakaa kimya nyuma ya usukani. Hadi leo najichukia kwa dakika zile.

Okochi akashuka na mfuko wake.

"Opio, ndugu yangu, mwache shemeji yako," akasema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye fundi wa gari hili."

Hakunitazama. Aliomba maji madumu mawili, akangoja injini ipoe, watu wakinung'unika. Akafungua swichi ya zamani chini ya rejeta, akafunga ile iliyokaa mfukoni mwake mwaka mzima, akajaza maji. Kisha akamwambia Opio, "Wewe tembea hapa kando ya boneti, uisikilize feni. Tukichemsha tena, mimi ndiye nitakayepiga magoti."

Nikawasha, nikaingiza gia ya kwanza. Hakuna aliyeimba. Mshale ukapanda taratibu, nami jasho linanitoka. Ulipofika katikati feni ikavuma, mshale ukasimama, ukashuka kidogo. Feni ikazima. Baada ya muda ikawaka tena. Opio alitembea ametega sikio, na ilipowaka mara ya tatu akavua kofia.

"Mama Acom," akasema bila kumtazama, "nisamehe."

Mtu mbele akaanzisha wimbo. Hapo ndipo Ariokot alipolia. Tangu Tororo hakuwa ametoa chozi, maana alikuwa anajilinda na maneno ya wakwe. Sasa alilaza shavu juu ya jeneza akamwita Ekaju kwa jina lake, akalia mpaka bomani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Baada ya maziko, wafiwa waliposimama kunishukuru mimi dereva kwa kumfikisha mzee, ilibidi niseme. Nikawaambia swichi ile Okochi alitaka kuifunga mwaka jana, nikamkatalia mimi, na Ariokot nusura aumie kwa sababu yangu. Okochi akainama, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.