Maswali Katikati ya Mashuka

Mama yangu alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, na kwa miaka mingi hatukumsikia akitamani nyingine. Alirudi jioni akinukia sabuni na mvuke, akavua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yangu mzaa baba, ambaye tuliishi naye, kisha akaingia jikoni moja kwa moja.

Kilichombadilisha ni siku aliyopeleka mashuka wodi ya wazazi akawakuta wauguzi wamezidiwa. Mmoja alimwona amesimama na kitoroli chake, akamwambia, "Dada, hebu mshike mkono mama huyu, nakuja." Mama akamshika, na yule mwanamke hakumwachia mpaka mtoto alipozaliwa. Jioni ile Mama alitusimulia habari hiyo, akamaliza, akaianza tena. Alipomaliza mara ya pili alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Nataka kuwa muuguzi."

Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na si mtu wa maneno mengi, aliweka kijiko chini. "Si wanataka cheti cha sekondari?"

"Wanataka. Nitakitafuta."

Alikuwa ameacha shule akiwa msichana, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwatazama. Sasa akajiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima, akaanzia pale alipoishia. Mimi nilikuwa kidato kimoja mbele yake, kwa hiyo vitabu nilivyovimaliza vilikwenda kwake. Wenzangu shuleni waliwarithisha wadogo zao; mimi nilimrithisha mama yangu mzazi.

Akachora ratiba kwa rangi nne, akaibandika jikoni. Baada ya darasa, hisabati. Baada ya vyombo, biolojia. Baada ya biolojia, kemia. Hapakubaki nafasi hata ya kupiga chafya. Ilipendeza kuitazama, lakini haikufuatika. Akifungua kitabu tu, usingizi unamchukua, shavu juu ya mchoro wa moyo. Hakutuomba msaada wowote. Alijikaza kisabuni, akapika, akafua, akaenda kazini macho mekundu, na majibu ya mtihani wa majaribio yalipotoka, alikuwa amefeli karibu kila somo.

Aliibandua ratiba ukutani, akaikunja. "Kichwa changu kimeshakuwa kigumu," akajisemea, akaendelea kumenya viazi.

Darasa lililofuata alikwenda kuaga tu. Mwalimu wa biolojia, mwanamke mdogo kwake kwa umri, alimwomba aketi, akamuuliza huwa anasomaje, akapewa ile ratiba iliyokunjwa. Akaitazama kwa muda.

"Hii ni ratiba ya mtu asiye na kazi, asiye na mume wala jiko," akasema. "Sasa nisimulie siku yako wewe, dada, tangu unapoamka."

Mama akasimulia. Mwalimu akawa anamkatiza kwa maswali: kichwa chako huwa chepesi wakati gani? Kazini kuna kipindi mikono inafanya kazi na akili imekaa bure? Nyumbani nani anajua umefeli?

"Hakuna," Mama akajibu. "Nimewaambia nimechoka tu."

Wakaandika ratiba nyingine pamoja. Jioni za siku zisizo na darasa, alale. Asubuhi kabla ya zamu asome mada moja, afunge kitabu, ajiulize amebakiwa na nini, na asilolikumbuka ndilo alirudie. Mambo mafupi ya kukariri ayaandike kwenye vikaratasi, aende navyo kazini. Hisabati, iliyokuwa ikimtoa jasho kuliko pasi, aipe mchana mzima wa Jumamosi. Na karibu na mtihani aache wiki moja tupu, bila somo lolote, kwa ajili ya lolote litakalotokea. "Halafu uwaambie watu wako ukweli," mwalimu akamalizia. "Hiyo Jumamosi hutaipata bila wao."

Alituambia wakati wa kula. Nakumbuka alivyokuwa akiangalia sahani yake badala ya kutuangalia sisi.

"Mbona hukusema?" Baba akauliza.

"Niliona haya."

Baba akatafuna kwanza, akameza. "Jumamosi nitapika mimi." Mara ya kwanza chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha mtaa mzima, tukala na maji mengi pembeni, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Akaendelea, na baada ya miezi kadhaa mchuzi wake ukawa mchuzi.

Bibi yeye alijipa kazi ya mlango. Kila Jumamosi alitoa kiti chake akakiweka kizingitini, na mgeni yeyote aliyemuulizia Mama alikutana naye.

"Mkwe wangu yuko shule," alisema.

"Lakini mama, mbona namwona pale dirishani?"

"Hapo ndipo shule ilipo. Kaa hapa na mimi unipe habari." Na wengi walikaa, wakaongea kwa kunong'ona, wakaondoka bila kumwona waliyemfuata.

Kazini, shoga yake aliyekunja naye mashuka alipoambiwa, alicheka kwanza, kisha akasema, "Lete hivyo vikaratasi." Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili: mnashika ncha, mnaachana, mnavuta, mnasogeleana mpaka mikono ikutane. Walipokuwa mbalimbali shoga aliuliza, na Mama alitakiwa awe amejibu watakapokutana. Kazi ya ini? Tofauti ya mshipa unaopeleka damu na unaoirudisha? Akikosea, shuka linakunjuliwa, wanaanza upya. Msimamizi wao alilalamika kwamba mashuka yanachelewa, akasikiliza maswali mawili matatu, na kesho yake akaja na la kwake.

Karibu na mtihani Bibi alianguka uani, akalazwa kwa maumivu ya nyonga. Mama alishinda kando ya kitanda chake kila alipotoka zamu, na vitabu vilikaa nyumbani. Ile wiki tupu ikaliwa yote. Aliporudi mezani alikuta hajapitwa na kitu, akaniambia kwamba mwalimu yule angepaswa kubebwa mabegani.

Alifaulu. Biolojia aliipata vizuri sana, na hisabati alipenya kwenye tundu la sindano. Chuo cha uuguzi kilipomkubali, aliwaalika wote waliomsaidia, pamoja na mwalimu na shoga yake, na kabla ya chakula akasimama kuwashukuru. Alianza na Bibi, aliyekuwa sasa anatembelea mkongojo. Alifika kwa Baba akaanza kulia. Baba akainuka, akampa maji, akamwambia aketi, kila mtu amesikia. Mimi sikutajwa kabisa kwa sababu ya kilio kile, na hadi leo hunitania kwamba shukrani zangu ziko njiani. Lakini tayari nilikuwa nazo. Nilijifunza namna ya kusoma kwa kumtazama yeye kila asubuhi, kitabu kimefungwa, midomo ikicheza.

Siku ya kwanza chuoni alivaa gauni lake la heshima, akaingia darasani mapema. Vijana waliokuwa ndani wakasimama wote pamoja, wakasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu," Mama akajibu, akapita katikati yao, akachagua dawati la mbele, akaketi.