Oili ya Mnada Uliofungwa

Katika familia ya mke wangu, wakulima wa mteremko wa Mlima Hanang upande wa Endasak, oili ya gari ilikuwa ikibadilishwa kila siku iliyofuata mnada. Nilipohamishiwa huku kufundisha, kisha nikaoa huku, desturi hiyo niliiona ngeni, ingawa ilikuwa na mantiki yake. Kipimo cha kilomita katika pikapu ya shemeji yangu kilikufa kabla hajainunua, na kazi kubwa ya gari hilo ilikuwa kupeleka mahindi, maharage na mbuzi mnadani. Mnada ukifanyika, gari limetembea; gari likitembea, oili imechoka. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje mnada usipokuwapo.

Msimu ule ng'ombe waliugua ugonjwa wa miguu na midomo. Karantini ikatangazwa, mnada ukafungwa. Mavuno hayakufungwa. Shemeji aliendelea kuteremsha magunia ya majirani hadi kwenye maghala, safari juu ya safari, na mara mbili tatu alifika hadi Gendabi. Oili ilikuwa ile ile, kwa kuwa siku ya kuibadilisha haikuwa imefika.

Ndipo mama mkwe akabanwa na kifua. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akatuambia kwa utulivu ulionitisha kwamba mgonjwa anahitaji oksijeni, nayo zahanati haina. Tumfikishe hospitali ya mjini bila kuchelewa. Pikipiki haikufaa, maana hakuwa na nguvu za kujishikilia. Tulimketisha katikati yetu ndani ya pikapu, wima, kwa sababu akiegemea nyuma pumzi zilimpotea.

Hatukuwa tumemaliza mteremko wa changarawe taa nyekundu ya oili ilipowaka.

"Waya tu huo," alisema shemeji bila kupunguza mwendo. "Taa za gari hili ni waongo wakubwa."

"Zima injini."

"Mwalimu, unamwona mama alivyo?"

"Namwona. Injini ikinoki na kukwama hapa, tutambeba mgongoni."

Aliendelea kuendesha. Nilisikia sauti mbili kwa wakati mmoja: mluzi mwembamba kifuani mwa mama, na chini ya miguu yetu chuma kikigonga chuma. Kusimama kulikuwa kumnyang'anya mgonjwa muda. Kuendelea kulikuwa kuuweka rehani muda wote aliobakiwa nao. Sikuwa na hakika. Huenda kweli ulikuwa waya.

Mama aliinua mkono akauweka juu ya mkono wa mwanawe ulioshika gia.

"Simama," alisema, kisha akatweta kwa sababu ya neno hilo moja.

Gari lilisimama mbele ya maduka machache ya njia panda. Shemeji alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa shati lake, akakichovya tena. Kilirudi na unyevu kwenye ncha tu: mweusi, mwepesi kama maji yaliyosuuza sufuria ya masizi. Waya haukuwa na kosa.

Mwanamke mwenye duka la vipuri alimwamkia mama kupitia dirishani, "Shikamoo, mama," akaona hali yake, akarudi mbio na kutupangia oili mezani. Kulikuwa na namba hamsini, nzito. Ya kumi na tano arobaini, nyepesi zaidi, galoni yenye lakiri. Na oili ya kupima, isiyojulikana ilikotoka, ndani ya chupa ya maji ya kunywa.

Shemeji aliishika ile nzito. "Injini mzee inataka hii. Uji mwepesi haushibishi."

"Na mzito haupandi upesi kwenye baridi hii. Tunahitaji itakayofika juu mara tu tukiwasha, na isiwe maji ikishapata moto." Nikaigusa galoni. Kisha nikauliza kuhusu ile chupa: "Hii imetoka gari gani?"

"La mchungaji," alisema mwenye duka. "Imetembea katika haki tupu."

Shemeji alicheka, akamsikia mama akikohoa nyuma yetu, akairudisha ile nzito mezani. Tukachukua galoni.

"Tumwage ya zamani?" aliuliza.

"Hatuna muda huo. Leo tunaongeza tu."

Alimimina kwa pupa. Nilipomshika kifundo cha mkono asimimine yote, alinitazama kama adui.

"Ikizidi itatoa povu," nilimwambia, "na povu haliwezi kulinda chuma. Subiri ishuke, tupime."

Tukasubiri. Kupitia kioo niliona midomo ya mama imeanza kuwa na rangi ya majivu, nami nikijua kwamba mimi ndiye niliyesema tusubiri. Kijiti kilipotoka kimelowa hadi katikati ya alama mbili, shemeji alikuwa tayari ameshika usukani.

Injini iliwaka. Taa ikabaki nyekundu, ikaendelea kuwa nyekundu, kisha ikazimika. Kugonga kulipungua, hakukuisha. Tulikwenda mjini kwa mwendo wa kujizuia, watu watatu tukitazama mahali ambapo taa ilikuwa, hadi mlangoni mwa hospitali, ambako walimvisha kinyago cha oksijeni na mabega yake yakashuka taratibu.

Aliporudi nyumbani, amri ilitoka kwake. Oili ibadilishwe kila Jumamosi iliyo kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana ya kila mwezi, na wakati wa mavuno ibadilishwe mara mbili kwa mwezi.

"Kanisa halifungwi kwa karantini," alisema.

Nilipendekeza tutengeneze kipimo cha kilomita.

"Tutatengeneza, Mwalimu," alisema shemeji. "Kwa sasa kipimo tulicho nacho ni mama."

Hadi leo, kila Jumamosi hiyo, mama hukaa kwenye kigoda kando ya pikapu, shuka mabegani, na shemeji humpelekea kijiti kilichofutwa na kuchovywa upya. Mama hukigeuza kwenye mwanga, bila haraka. Sisi wawili husimama mbele yake, tukisubiri aturudishie.