Kuuzunguka Mlima kwa Baiskeli Isiyo na Keria

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile niliyochukua spana nikaifungua keria ya baiskeli ya baba, kile kibebeo cha nyuma, na kuificha chini ya nyasi za ng'ombe. Huo ndio ujinga nilioanza nao, na nimeona niutaje mapema kabla hujaanza kuniheshimu. Nilitoa keria, nikatoa madigadi, nikatoa kengele na stendi ili baiskeli iwe nyepesi kama swara. Kisha nikamwambia mama naenda Gakindu kwa baba mdogo kuchuma kahawa mpaka shule zifunguliwe. Mama akanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akasema, "Umsalimie." Nikasema nitamsalimia. Mpaka leo baba mdogo hajasalimiwa.

Usiniulize umri. Haya ni mambo ya ujana wangu, yaani likizo ya Desemba iliyopita. Niko kidato cha tatu, uhuru ulinikuta mgongoni kwa mama, na ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zingoje kwanza. Lakini mimi ni mzee kwa njia ambayo huwezi kuipinga. Kwetu mvulana wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Mimi ndiye wa pili, babu alikuwa Gachanja, na mimi ni Gachanja. Kwa hivyo mama ananiita Baba tangu nikiwa sina jino hata moja, na mimi naye nimeutumia uzee huo bila huruma. "Mwanangu Wanjira, hii nyama mbona ni kidogo?" Mama anacheka, ananiongezea. Basi nikikuita mwanangu, tulia. Hata aliyenizaa ni mwanangu.

Safari yenyewe iliwashwa na Murithi, kijana wa Meru tunayelala naye bweni moja. Alikuwa na mazoea ya kutuambia sisi wa Nyeri, "Nyinyi mnaona kisogo cha mlima. Uso uko kwetu." Sasa wewe fikiria. Mlima umekuamsha tangu utoto, umeuombea mvua, umeuchora kwenye daftari, halafu mtu anakwambia ulikuwa unasalimia kisogo! Nikaapa kuuzunguka wote, peke yangu, kwa miguu yangu na magurudumu ya baba. Baba anafanya kazi ya reli Nakuru na huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo baiskeli haikuwa na wa kuitetea. Mlango wa hatari ulikuwa mmoja tu, mama. Mama akijua, baiskeli ingefungwa mnyororo mpaka nioe.

Ee mwanangu, hujui utamu wa barabara mpaka uteremke kutoka Karatina kwenda Sagana miguu ikiwa juu ya hendeli! Upepo ulinijaza shati nikavimba kama mheshimiwa. Nilipiga kelele, mbuzi wakanipisha, mwanamke mmoja aliyebeba kuni akaniombea kwa sauti kubwa, sijui aliniombea nini. Wang'uru nikakuta nchi imelala chali, tambarare, mpunga umekauka rangi ya asali na watu wameinama wakivuna. Wakanipa wali kwenye jani la mgomba. Mimi mtoto wa viazi vitamu na githeri ya mahindi na maharagwe nikala wali mweupe mtupu, siku ambayo si Krismasi. Wahenga wetu walisema asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi bora kuliko wote. Mama, kama unasoma hapa, ruka mstari.

Embu nikalala kwenye baraza ya kanisa, na kulipokucha nikaishika barabara ya Chuka. Hapo ndipo wimbo ulipokatika. Barabara ni ya udongo mwekundu, na kila ukimaliza mto kuna mto mwingine. Unateremka ukiomba, unapanda ukisukuma, unafika juu, unaona bonde lingine linakungoja limetulia kama ng'ombe. Viazi vya mama vilikuwa vimekwisha. Nilipofika Chuka nilikuwa na jina moja tu kichwani, Tata Wangechi.

Tata Wangechi ni dada mkubwa wa mama, na ameolewa huko. Yeye na mama hawakuwa wakisemezana. Siku ya kumzika babu, mimi nikiwa darasa la kwanza, daraja lilikuwa limebebwa na maji, na Tata akafika watu wakiwa wamemaliza kufunika kaburi. Mama, kwa uchungu, akamwambia mbele ya umati, "Umekuja kuangalia udongo?" Tata aligeuka palepale, hakunywa hata maji. Tangu siku hiyo kila mmoja yuko upande wake wa mlima, na katikati hapapiti hata salamu. Nyumbani jina lake halitajwi. Lakini tumbo, mwanangu, halina habari za ugomvi.

Nikamkuta akikatia mbuzi majani. Nikasema, "Mimi ni Gachanja wa Wanjira."

Panga likamtoka mkononi. Aliniangalia kutoka nywele mpaka vidole, akaita watu wa nyumba yake, "Kujeni muone! Baba amekuja!"

Heshima niliyopewa siku hiyo sijaiona tena na sidhani nitaiona. Nilikalishwa kwenye kiti cha mgongo, kile cha mume wake, na yule mzee mpole akavuta kigoda. Nikatiliwa uji uliochacha kwenye kibuyu kabla ya mtu mwingine. Wajukuu wakatumwa kuniletea maji ya miguu. Sasa mtu mjinga ukimpa kiti kikubwa huwa hatosheki na kukaa. Nilishiba, nikajipapasa kidevu, nikatoa sauti ya babu, nzito, ya kutoka tumboni.

"Mwanangu Wangechi," nikasema, "wewe na mdogo wako mmenichosha. Enda kwake. Mimi nimesema."

Watoto wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka mpaka akamwaga uji. Tata hakucheka. Aliweka kibuyu chini, akanikazia macho.

"Unasema wewe," akauliza, "ama anasema Baba?"

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Nakutania, Tata," tukacheka tukalala. Lakini nilikuwa nimekalia kile kiti, na kushuka kulinishinda. Nikasema, "Anasema Baba."

Kulipokucha nikamkuta uani amevaa gauni la kanisani, kitambaa kichwani, kiondo kimejaa ndizi na mtama, jogoo amefungwa miguu. Akaizunguka baiskeli yangu kama mnunuzi sokoni.

"Nitakaa wapi?"

"Haina keria, Tata."

"Ati baiskeli ya Baba haina keria? Ulikuwa unataka kubeba nani, upepo?" Akafyonza. "Basi nitapanda basi. Nitalala Embu kwa binti yangu, nifike kwenu Jumamosi. Na Wanjira akinifukuza tena, nitamwambia si mimi nimejileta, ni Baba amenituma."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika hendeli. Niliona yote mpaka mwisho: Tata langoni na kiondo chake, mama akimwambia maneno yale ya makaburini mara ya pili, na huyu mama wa watu akirudi Chuka na jogoo wake, safari hii akiwa amefukuzwa pamoja na jina la baba yake. Kwa ajili ya mzaha wangu! Ilinibidi nifike kabla yake, niwaambie ukweli wote wawili. Mwenye akili angegeuza baiskeli palepale arudi kwa njia aliyoijua. Mimi nikapiga hesabu ya kichaa, kwamba duara ni duara, na nilikuwa bado sijauona huo uso wa mlima. Nikaenda mbele. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata kama ni maji ya barafu.

Nilikanyaga pedali namna ambayo sijawahi! Meru nikapita bila kumtafuta Murithi. Juu ya Meru njia inapanda mpaka unajiuliza kama walioijenga walikuwa wanakwenda mbinguni, na mawingu yanakulamba masikio. Nilisukuma, nikapanda, nikasukuma. Nilipotokea nyanda za Timau wingu likachanika, na ule pale mlima, mtupu, karibu, theluji ikimetameta, vilele vimesimama kwa mpangilio ambao sikuwahi kuuona. Nilisimama nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Murithi alikuwa mwongo. Na mimi pia. Mlima hauna kisogo, mwanangu. Kila utakaposimama unakuangalia wewe.

Wakati huohuo tairi la nyuma likapumua. Mwiba. Sikuwa na pachi ya kuziba, kwa hivyo nikalijaza nyasi kavu, nikazishindilia mpaka likakaza kidogo. Mzee mmoja mchunga kondoo, koti lake limefika magotini, akaja akanisimamia.

"Unaenda wapi?"

"Nyeri, mzee."

"Na umetoka wapi?"

"Nyeri."

Akafikiria sana. "Si ungekaa tu?"

 Ningemwambia mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, lakini nilichokuwa nimeokota mpaka hapo ni mwiba na matatizo. Alinipa kiazi cha kuchoma na kunisukuma mgongoni ili nipate mwendo, akabaki akitikisa kichwa mpaka nikapotea. Kutoka hapo mpaka Nanyuki nilishuka na tairi la nyasi likipiga kwata, na breki zikaanza kunuka. Naro Moru breki zikaaga dunia.

Jumamosi mchana nikauona mteremko wa kwetu, na langoni watu wawili. Tata alikuwa nje ya lango, kiondo mgongoni, jogoo kwapani. Mama alikuwa ndani, mkono kwenye komeo. Nilisikia sauti zao upepo ukizileta.

"Nani amekutuma?"

"Baba."

"Baba yuko Gakindu anachuma kahawa."

"Baba alikuwa kwangu amekalia kiti cha bwanangu."

Sikuwa na breki, kengele iko chini ya nyasi, nikapiga mayowe tu. Nikapita ubavuni mwa Tata, nikavunja ua, nikaingia kwenye mihindi kichwa kikitangulia. Nilipoinuka wote wawili walikuwa wananiangalia, na jogoo pia. Hakuna aliyeuliza kama nimeumia.

Nikasema kabla woga haujanikamata. "Tata, haikuwa babu. Ni mimi nilijifanya babu, kwa sababu ya uji na kile kiti. Mama, usimfukuze. Mwenye makosa ni mimi."

Mama akamgeukia dada yake polepole. "Kumbe umetoka Chuka yote kwa ajili ya uongo wa mtoto?"

Nilimwona Tata akishusha kiondo kutoka mgongoni. Nikajua anakishusha ili akigeuze begani, aondoke.

"Nilijua ni uongo," akasema. "Baba aliwahi kusema 'mimi nimesema'? Baba akitaka kitu alikuwa anakohoa tu, na sisi tunakimbia. Huyu ni mtoto alikuwa anacheza. Lakini Wanjira, miaka hii yote nimekuwa nikitafuta mtu wa kunituma. Hakuna aliyenituma. Nikasema hata huyu atatosha."

 Mama alilegeza komeo, akatoka nje ya lango, akachukua kile kiondo mikononi mwa dada yake akakivaa yeye, kamba kwenye paji la uso, akatangulia nacho nyumbani. Kwetu mtu akishapokewa mzigo hakuna la kuongeza. Baadaye nikiwa napangusa matope nilisikia sauti zao jikoni zikilia, kisha zikicheka, kisha zikigombana kuhusu chumvi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilipewa ndoo nikachote maji.

Sasa sikia nasaha za mzee wako, maana kesho nina mtihani wa hesabu. Usimwazime marehemu mdomo wako, kwa kuwa neno la mzaha likivaa jina la mkubwa huamka mapema, huvaa nguo za kanisani na kufunga safari. Na kama umeshalisema, likimbilie, ulifikie kabla halijamuumiza mtu, hata kama ni kwa tairi la nyasi. Ukiwa na baiskeli iachie keria. Usafiri mwepesi ni mtamu, lakini ipo siku mtu wako atasimama uani amevaa akuulize atakaa wapi. Na walionuniana, mwanangu, usidhani wote wanapenda kununa. Wengine wanangoja kutumwa tu. Watume, ila kwa jina lako mwenyewe.

Nakubariki. Njia yako iwe na miteremko mingi kuliko vilima, mwiba ukuone upishe, mlima ukuangalie popote utakaposimama, na kila mlango utakaobisha uwe na chungu motoni. Usiku ule mimi nilikaa mezani kati ya hao wanangu wawili, sahani yangu imerundikwa jogoo wa Chuka, nikaanza kuamini nimesamehewa. Mama akaniongezea paja, akainama sikioni kwangu ili dada yake asisikie, akasema:

"Kula ushibe, Baba. Tata yako akishaondoka, nitakuchapa."