Samaki wa Dhahabu Mapajani mwa Mama Mkwe

Jamani, acheni niwaeleze mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Tororo mtasikia kwamba nilimvua nguo mama mkwe mchana kweupe, na hiyo si kweli; nilichofanya ni kumtia mikono mapajani mbele ya mumewe, jambo ambalo ni afadhali kidogo tu. Chekeni. Mimi mwenyewe najicheka, kwa sababu sijapata kukutana na mpumbavu mwingine mwenye tai aliyenizidi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi, nami nilikuwa karani pale Tororo, mtoto wa wakulima wa Mwello ambaye baada ya kupata kalamu mbili za mfukoni aliwaona wazee wake washamba. Mzungu niliyemfanyia kazi alipofunga virago kurudi kwao, aliniachia matangi yake mawili ya kioo pamoja na samaki wake: tangi moja la samaki wa dhahabu, wanene, waliokaa katika maji baridi barazani, na lingine la samaki wadogo wa rangirangi, hao walitaka maji ya uvuguvugu yaliyopashwa na hita ya umeme iliyosimamishwa humo ndani. Mkewe alinieleza polepole, kidole juu, kwamba hawa na wale hawawekwi pamoja hata siku moja. Nikaitikia "Ndiyo, memsahibu" mara tatu. Kwa kuitikia nilikuwa hodari sana.

Nyumbani nikakuta nina meza moja tu ya kuwekea na swichi moja ya ukutani. Basi nikawamwaga wote katika tangi kubwa (samaki ni samaki, nikajiambia, kwani ziwani nani aliwatenga?), na lile dogo nikaligeuza kabati la mkate. Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata dakika tano.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Nabwire, mwalimu, binti wa Msamia mmoja wa Majanji aliyekuwa mchuuzi wa samaki tangu ujana wake. Mzee alisema atakuja Jumapili aone kama nina nyumba ya kumweka mtu. Akiridhika, posa imepita, asiporidhika, basi. Sasa, kwa Wasamia kama kwetu Padhola, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani, hawapeani hata mkono, na mama hafiki nyumbani kwa mkwe hivi hivi. Mimi msomi nikaandika barua kusisitiza kwamba na mama aje, aone maendeleo.

"Hayo ni mambo ya watu wasio na umeme," nilimwambia Nabwire.

Akajibu, "Haya. Ni wewe umesema."

Jumapili asubuhi nikakuta samaki wa dhahabu wamejazana juu, midomo nje, wanatweta. Maji yalikuwa moto mno kwao. Nikachomoa hita, nikamimina ndoo ya maji ya baridi, wakachangamka, lakini wale wadogo wakalala ubavu. Nikachomeka hita tena, nikaifungulia mpaka mwisho, nikawatupia makombo ya mkate wapate nguvu, maji yakawa kama uji. (Mtu mwenye akili angelifunika tangi kwa shuka. Mimi nilikwenda kufunga tai.)

Wakaja kutoka kanisani. Mama, kwa kujistahi, akatafuta kiti cha kona, mbali nami kabisa, akanipa mgongo nusu. Na kona hiyo ndiyo iliyokuwa na swichi, kwa hiyo akawa amekaa ubavuni mwa tangi. Nabwire akasimama karibu naye. Mzee aliipita chai yangu bila kuitazama, akaenda kuinama kwenye kioo.

"Hii samaki nyinyi nakula lini?"

"Hawaliwi, baba. Ni wa kutazama."

Akanitazama mimi kwanza, halafu wao. "Hii kubwa nalilia hewa. Hii ndogo nakufa. Nani naweka hii watu pamoja?"

"Wamezoeana, baba."

Hapo hapo samaki mmoja wa dhahabu akamdaka mdogo mmoja, mkia ukabaki unapepea nje ya mdomo wake.

"Eeh," mzee akasema, akicheka puani. "Nazoeana kabisa."

Cheko lile liliniuma, nawaambia ukweli, kuliko ambavyo tusi lingeniuma. Nikatumbukiza mkono pamoja na mkono wa koti niwaachanishe, nikasahau kwamba hita ina umeme. Ulinipiga hasa! Nikauvuta mkono kwa nguvu zote na tangi likaja nao, likapinduka, maji yakamwagikia mama mkwe, kioo kikapasuka sakafuni vipande vipande, na yule mlafi, mkia wa mwenzake bado mdomoni, akatua kwenye gomesi ya mama, lile vazi lake refu la heshima, katikati ya mapaja, akawa anarukaruka.

Nikamrukia. Nilizamisha mikono yote miwili katika mikunjo ya gomesi ile nikipapasa huku na huku, nikisema, "Samahani mama, usitikisike, nimempata, ameniponyoka, nimempata!" Mama hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa viganja, na heri angepiga kelele. Nilipoinuka nimemnyanyua samaki juu kama mshindi wa mashindano, mzee alikuwa ameshachukua kofia yake.

"Twende," akawaambia wake. Mimi hakuniaga.

Wale wazee wangu washamba wakanisuta mpaka wakachoka, kisha wakaniambia kosa la kumgusa mama mkwe lina dawa yake, nayo ni kondoo. Nikampeleka Majanji na baba zangu wadogo wawili. Mama akampokea akiwa nyuma ya mlango, akatuma neno kwamba yameisha. Mzee akaniwekea sahani ya samaki, ngege wa kukaanga, akasema, "Hii nakula, hapana tazama," na uani wote wakaangua kicheko. Nilicheka nao. Nikajua nimepona.

Nikamwomba Nabwire tusogee pembeni tupange siku ya harusi. Akavua kiatu. Mguu ulikuwa umefungwa bendeji toka vidoleni hadi kisigino.

"Mama amekusamehe," akasema, "na baba, unamsikia, anacheka. Lakini kile kioo kilinikata mimi, Ochwo. Nilikuwa nimesimama pale pale mbele yako natoka damu, na wewe ukaokota samaki."

Sikuwa nimeona. Hadi leo nikiikumbuka sebule ile naona samaki tu, gamba kwa gamba. Yeye simwoni mahali popote. Aliolewa na mtu mwingine, na alifanya vizuri. Mimi sifugi tena kitu cha kutazamwa, na kikivunjika chochote nyumbani kwangu, glasi au sahani, naangalia kwanza miguu ya watu. Nimechelewa, najua, lakini naangalia.