Pipa la Lami Katika Mchanga wa Mto

Iko siku moja haijanitoka, nikiwa kijana wa kuswaga mbuzi sokoni Mwingi. Beberu mmoja mweusi alikataa kupanda lori. Walimvuta pembe, wakamsukuma nyuma, turniboi wa lori akamtukana yeye na mama yake. Beberu amekaza miguu tu. Mwishowe mwenyewe akachoka, akarudi naye nyumbani. Nilichokula siku hiyo sikikumbuki, mwanangu. Beberu namkumbuka.

Namtaja kwa sababu ya dada yangu Kavata, aliyeolewa upande wa Mtito Andei. Mto wa kule ni mchanga mtupu. Kiangazi mnachimba shimo mpaka mfikie maji, na jua likizidi, shimo linazidi kwenda chini. Mwaka mmoja, nikiwa nimekwenda kukaa kwake, kuta za mchanga zilimwangukia jirani yake, mama wa watoto wadogo. Tulimfukua kwa mikono, tukamkuta amekufa. Watu wakalia, wakazika, wakarudi kuchimba vilevile.

Kavata akasema, "Mimi kwa shimo namna hiyo siingii tena. Na kiu sifi."

Wakati huo barabara ya Mombasa ilikuwa inatiwa lami, mapipa matupu yametupwa kando. Akaomba mawili, akayakata juu na chini. Alitaka kusimamisha pipa mchangani, aingie ndani achimbe, pipa lishuke naye huku likizuia mchanga. Alikuwa mwembamba, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Wanawake wakacheka. "Kavata, utatukaribisha chai humo ndani?"

"Karibu. Lakini wewe na hayo makalio utanywea nje."

Mzee Ngumbau, aliyeangalia sehemu ile ya mto, hakucheka. Kwetu hata sufuria yenye masizi haikuingizwa kisimani. Ilisemwa maji hukimbia. "Sasa wewe unaleta chuma cha lami? Maji yakikimbia, wewe na punda wako hamtakanyaga mto huu."

"Mzee, yakikimbia nitayafuata."

Pipa likashuka, maji yakaja, yakanuka lami. Punda akageuza uso. "Umeona?" akasema Mzee.

"Nimeona. Yananuka. Hayajakimbia."

Akaling'oa, akalichoma kwa kuni mpaka lami ikachuruzika yote, akalisugua kwa mchanga. Kulirudisha, likaenda upande, likakwama. Hapo wengi wangesema wamerogwa. Kavata alikaa akaliangalia tu, mpaka akagundua kwamba alikuwa anachimba zaidi upande wa mkono wake wa kulia. Akaanza upya, akichimba kidogo kidogo kuzunguka, pipa likashuka wima. Akapandisha la pili juu yake, nalo limeshachomwa. Maji yakaja safi.

Kabla sijamaliza habari ya Mzee, nikwambie jambo, kwa maana mimi nasahau. Mwanangu, mimi shule niliionja tu, lakini hili nimeliona kwa macho. Anayebadilisha maisha ya watu ni yule anayekataa kuzoea kifo. Kataa! Wakikucheka, cheka nao, mikono iendelee. Kazi yako ikiharibika, usiifiche na usiitetee. Keti uitazame mpaka ikuambie ulipokosea. Na wakikwambia ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, waulize kwa heshima nani alikufa kwa hiyo zamani. Mungu akupe shingo ngumu na moyo laini. Akupe maji popote utakapochimba, na ukiyapata, uwapishe hata waliokucheka.

Sasa, Mzee Ngumbau. Alikuja asubuhi. Kavata akachota, akampa kibuyu kwa mikono miwili, wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Mzee akanusa. Akanywa. Akanywa yote. Akaweka kibuyu mchangani taratibu, akaokota fimbo yake, akapanda ukingo wa mto.

Wake zake walikuja kuchota jioni ileile. Yeye mwenyewe hakukanyaga mto ule tena.